Kofia Nambari Kumi na Moja

Injini ilizimika katika sekunde ya nne. Ngurumo iliyopaswa kututikisa mifupa kwa dakika mbili na sekunde arobaini ilikatika ghafla, na kilichobaki ni moshi mweupe ukijikokota kuelekea mashamba ya miwa na kundi la kokatuu, kasuku weupe wa kwetu, wakitutukana kutoka angani. Ndani ya chumba cha kuongozea, watu kumi na wanne walizikodolea macho skrini zao. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi.

Sikuinamisha kichwa. Nimechomelea vyuma kwa miaka ishirini na sita: ishirini na miwili katika kiwanda cha sukari hadi kilipofungwa, na minne hapa, tangu vijana wa jiji la Brisbane walipokuja na roketi yao iliyokuwa bado mchoro tu kwenye karatasi, wakakodi malisho ya ng'ombe na kujenga jukwaa la majaribio. Chemba ya injini ile, pale mafuta na oksijeni vinapokutana na kuwaka, ina mshono mmoja mrefu unaoizunguka shingo. Wao walitaka mashine iuchomelee. Mimi nilibishana nao wiki tatu, nikashinda, nikauchomelea kwa mkono.

Callum Ashdown, mkuu wa injini, ana miaka thelathini na mmoja na ndevu zisizojaa. Aligusa mstari mwekundu kwenye skrini yake kwa ncha ya kalamu.

"Presha ndani ya chemba haikupanda inavyotakiwa. Kompyuta imeona hivyo, ikazima. Gesi inavuja mahali."

"Mahali gani?" nikauliza.

"Mama Nerida, tuambizane ukweli. Pa kuvujia ni pangapi?"

"Mshono wangu hauvuji."

"Mimi sijautaja mshono wako."

"Umeutaja kwa macho, bosi. Wote mmeutaja."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Injini hiyo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Ikimaliza sekunde zake zote mia moja na sitini, inafungwa chini ya roketi yetu ya kwanza, na roketi inaruka kabla ya msimu wa vimbunga. Callum alitaka chemba ikatwe vipande viwili kesho yake saa nne asubuhi ili waone tumbo la mshono. Chemba ikishakatwa haiungwi tena. Nyingine ingeagizwa ng'ambo, ikiwa imechomelewa na mashine, na karakana yangu yenye watu saba, wote niliotoka nao kiwandani, isingekuwa na sababu ya kufungua mlango. Ila kukata kulihitaji saini tatu kwenye fomu: ya mkuu wa injini, ya mkaguzi, na ya aliyekitengeneza kifaa. Fomu ilikuwa na maneno mawili tu yaliyonihusu: mshono unashukiwa.

Callum akaisukuma mbele yangu pamoja na kalamu.

"Sisaini," nikasema.

"Ni utaratibu tu, mama."

"Utaratibu ungetaka saini mbili ungeandika mbili. Umeandika tatu ili mtu kama mimi aweze kukataa. Basi nimekataa."

"Una mpaka kesho saa nne," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeishiwa adabu. "Hapo nitawapigia wakubwa Brisbane, na saini yako haitahitajika tena."

"Wapigie. Wasalimie."

Nilitoka nikiwa nimechemka. Nilikuwa na hasira ya mtu anayejua kuwa yuko sahihi, na hasira hiyo, nakiri, ina utamu wake.

Waliporuhusu watu kurudi jukwaani, nilikwenda na ndoo ya maji ya sabuni. Bronwyn Hosking, fundi wa vipimo, aliniwekea hewa ya presha ndani ya chemba, nami nikaupaka mshono sabuni pande zote, nikipiga magoti kwenye zege lililokuwa bado na joto. Bron ni wa rika la mdogo wangu, na hunitania kama ndugu.

"Dada, ukiendelea kuisugua hivyo itabidi uolewe nayo."

"Tazama mapovu, acha maneno."

Hakukuwa na povu hata moja. Tulisubiri dakika kumi, tukapaka tena, tukasubiri tena. Bron alirekodi kwenye simu yake kisha akampelekea Callum. Jibu lilirudi kabla hatujakunja bomba: mshono baridi si mshono wa moto, nyufa hufunguka chuma kikiwaka, tunakata.

"Hata akionyeshwa na malaika huyu hakubali," nikasema.

"Ana hofu," akasema Bron. "Mwenzio ana wakubwa wanaomkalia kooni. Twende tukanywe chai."

Lazima niseme kuhusu kofia. Kwetu uwanjani kila mdomo wa bomba ulio wazi huvishwa kofia nyekundu ya plastiki yenye nambari. Ukiivua, unaitundika kwenye ubao ulio mlangoni, na chini ya nambari yake unaandika jina lako na saa. Atakayevua bila kuandika hakanyagi jukwaani tena, awe nani. Vijana wa Brisbane waliiona sheria hiyo kuwa ushamba hadi walipokutana na nyigu wetu wa matope. Nyigu yule hahitaji kualikwa. Mwachie tundu upana wa kidole kwa muda wa chakula cha mchana, ukirudi utakuta amepiga lipu. Kiwandani alituzibia mabomba ya mvuke miaka yote, na mimi ndiye niliyewafundisha vijana habari zake. Hata maandishi yaliyo juu ya ubao, kilicho wazi kifunikwe, niliyachora mimi kwa brashi yangu.

Kantini ilikuwa tupu. Bron alifungua sandwichi yake ya yai akaanza kula bila hamu.

"Na mimi nimejikagua," akasema huku akitafuna. "Nimepitia makaratasi ya kila mrija wa presha. Mirija yote ilikuwa na kofia mpaka siku nilipofunga vipimo. Nimesaini mwenyewe, mmoja mmoja. Kwa hiyo vipimo vyangu ni safi, na mshono wako ni safi. Basi nani mchafu?"

Nyigu mmoja alikuwa akihangaika juu ya ukuta, karibu na ile picha. Nilisimama nikiwa na gazeti mkononi nimfukuze. Akaruka, nami nikabaki nimeitazama picha.

Ilikuwa imepigwa siku tisa zilizopita. Gazeti la mji lilimtuma mpiga picha, na Callum mwenyewe aliikuza akaandika chini yake: Fundi wetu. Nimesimama kando ya chemba, mkono nimeuweka juu yake, nimetabasamu mpaka fizi. Mshono unang'aa kuizunguka shingo yote, haukatiki popote. Na katikati ya mng'ao huo, juu kidogo ya kidole changu gumba, kuna kitundu cheusi. Ni mdomo wa mrija unaopeleka presha ya chemba kwenye kipimo.

Kitundu hicho kilipaswa kuwa na kofia nyekundu nambari kumi na moja.

Nilikumbuka yote kwa mara moja. Kofia ilikuwa imefunika sehemu nzuri kuliko zote za mshono. Mpiga picha alisema, "Hicho chekundu kinaharibu." Nikaivua, nikaitia mfukoni. Kisha akataka picha nyingine getini, kisha ya karakana, kisha tukala. Saa mbili zilipita, labda na zaidi. Niliporudi niliivika tena bila kuchungulia tunduni, nikaipigapiga kwa kidole, nikaondoka. Sikuandika kitu ubaoni, kwa sababu nani angemuuliza Nerida Torrisi habari za kofia?

Nitasema ukweli: nilisimama pale na gazeti langu nikapiga hesabu ya kuponea. Ningeweza kwenda kwa Callum na kumwambia tu afungue mrija wa kumi na moja. Matope yangeonekana, mshono wangu ungetakasika, karakana ingepona. Na chini ya nambari kumi na moja kulikuwa na jina moja tu, la Bron. Yeye ndiye aliyevua kofia ile siku mbili baadaye, akafunga kipimo juu yake, akasaini kwamba mrija ni safi. Angefukuzwa bila kujua kilichompata. Mimi ningepewa mkono wa pongezi.

"Umeona nini?" Bron akaniuliza.

Niliing'oa picha ukutani na misumari yake. "Nifuate."

Walikuwa wote kwenye chumba cha mikutano, na fomu ilikuwa mezani, ikiwa na saini mbili. Niliibwaga picha juu yake. Vumbi la ukuta likaruka.

"Huo ni mshono wangu," nikasema. "Utazameni vizuri. Hauvuji, haujawahi kuvuja, na kesho mkiukata mtakuwa mmechinja injini nzima. Na hilo ni tundu la kipimo chenu. Kofia yake ilikuwa mfukoni mwangu. Niliivua ili nipendeze gazetini, na sikuandika. Kompyuta imezima injini kwa sababu mrija umezibwa na nyigu na presha haikifikii kipimo, na aliyemfungulia nyigu mlango ni mimi. Bron alikuta kofia mahali pake. Atakayemgusa Bron tutakutana."

Nilihisi uso wangu ukiwaka, lakini sikuuondoa mbele yao.

Bron ndiye aliyekwenda kufungua kipimo, na sisi sote nyuma yake. Aliingiza waya mwembamba wenye ndoana, akazungusha polepole, akavuta. Kilitoka kipande cha tope kavu, kisha kingine, kisha buibui watatu wadogo wa kijani ambao nyigu alikuwa amewaweka wawe akiba ya watoto wake. Mmoja alikuwa ameungua miguu. Bron aliwapanga juu ya kitambaa cheupe, kisha akanitazama kwa muda mrefu bila utani wowote.

"Ningefukuzwa, Nerida," akasema.

"Najua."

"Ulifikiria kuniacha?"

"Nilifikiria."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufuta ndoana yake.

Callum aliichukua fomu akaichana mara mbili. Alionekana amechoka kuliko umri wake.

"Kwa hiyo mshono ni mzima."

"Nilikuambia tangu asubuhi."

"Na wewe hukanyagi jukwaani tena. Sheria unaijua."

"Niliichora mimi, bosi. Naijua mpaka rangi yake."

"Unaongea kama mtu aliyeshinda."

"Mshono umeshinda. Watu wangu saba hawana kosa, na kesho wanaingia kazini saa moja kama kawaida. Hilo nalitaka kwa maneno yako, mbele ya hawa."

Aliwatazama wenzake. "Wanaingia," akasema.

Kabla sijatoka nilisimama mbele ya ubao. Chini ya kumi na moja kulikuwa na mwandiko mdogo, safi wa Bron. Nilichukua kalamu nikaandika juu yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka getini: N. TORRISI, na tarehe ya siku tisa nyuma. Mlinzi alinipokonya kadi yangu akiwa ameona aibu kuliko mimi.

Walirudia jaribio siku ya pili yake. Mstari wa usalama uko kilomita tatu kutoka jukwaani, na nje yake hupita barabara ya miwa ambayo ni ya umma. Callum aliniona njiani akasimamisha gari, akateremsha kioo.

"Nilikwambia ukae nyumbani."

"Uliniambia nisikanyage jukwaani. Hii barabara baba yangu alipitisha miwa kabla hujazaliwa."

Aliguna, akapandisha kioo, akaenda zake.

Nilikaa juu ya boneti ya pikapu yangu, chupa ya chai kando, bila skrini wala kipaza sauti. King'ora kililia mara tatu. Kokatuu walinyamaza. Kisha miale ikatoka upande wa jukwaa, bila sauti, na baada ya muda ngurumo ikanifikia, ikapanda kutoka ardhini kupitia magurudumu mpaka kwenye meno yangu.

Niliweka kiganja juu ya chuma cha boneti, kama nilivyokiweka kwenye picha, nikaanza kuhesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu."

Machozi yalikuwa yakinitoka na sikuyafuta.

"Nne."

Ardhi ilikuwa bado inatetemeka.

"Tano," nikasema.