Tofauti kati ya Posamu na Posamu

Katika kampuni moja ya kuchapisha vitabu vya shule alikuwepo msahihishaji mkuu ambaye kila mtu alimwita Nukta. Kwa miaka ishirini na sita hakuna nukta wala mkato uliowahi kumpita bila kukaguliwa. Aliwahi kumrudishia dada yake kadi ya mwaliko wa harusi ikiwa imejaa wino mwekundu, kisha akaenda harusini, akala, akashiba, na akashangaa kwa nini dada mtu amemnunia.

Jioni moja alirudi nyumbani akamkuta mkewe, mwalimu wa darasa la tano, ameshika tama mbele ya rundo la madaftari.

"Vipi tena, mama watoto?"

"Kaa usikie maajabu. Kitabu kipya cha sayansi hiki, ukurasa wa arobaini na mbili." Akasoma kwa sauti yake ya darasani. "'Watu wengi huchanganya posamu na posamu. Hilo ni kosa kubwa. Posamu anaishi Australia, lakini posamu anaishi Amerika. Mkia wa posamu una manyoya mengi, ilhali mkia wa posamu ni mtupu kama wa panya. Posamu akitishwa huanguka akajifanya amekufa. Posamu hana tabia hiyo.' Inaendelea hivyohivyo hadi mwisho wa ukurasa, halafu wanauliza: 'Taja tofauti nne kati ya posamu na posamu.'"

Nukta alikuwa anavua kiatu cha kulia. Akabaki nacho mkononi.

"Watoto wamejibuje?"

"Huyu kasema mmoja ni dume. Huyu kasema wa kwanza yuko hai, wa pili ni marehemu. Na binti anayekaa karibu na mlango kaandika, 'Mwalimu, hakuna,' nami sina ubavu wa kumpa kosa." Akaitupa kalamu mezani. "Sijui nani alikisahihisha kitabu hiki. Alikuwa amelala fofofo!"

"Huenda ni mitambo ya uchapaji," Nukta alisema, akainamia kiatu cha pili, nacho kilichukua muda mrefu sana kuvuka.

Asubuhi aliwahi ofisini kabla ya mfagiaji. Akafungua kabati, akatoa rasimu ya kitabu kile, akaifunua kwenye ukurasa wenyewe. Mwandiko ulikuwa wake. Palipoandikwa "oposamu", kalamu yake nyekundu ilikuwa imekata ile herufi ya kwanza, mara kumi na tisa, kila mkato umenyooka kama umepigwa kwa rula. Akakumbuka hata raha aliyoipata siku ile, raha ya kumkamata mwandishi anayeliandika neno lilelile kwa namna mbili. Nyuma ya ukurasa kulibanwa kikaratasi cha mwandishi: "Ndugu msahihishaji, nakuomba sana usiiguse hiyo O." Hata hicho alikuwa amekisoma. Alikuwa amekitilia mkato baada ya "sana", kisha akakifungia kabatini.

Akajipiga kofi la paji la uso, akaenda kwa meneja, na meneja akamwita mwandishi.

Mwandishi alikuwa mwalimu mstaafu wa biolojia, bibi mwembamba aliyeingia na mwavuli ingawa hakukuwa na dalili ya mvua.

"Kijana," alimwambia Nukta, ambaye alikuwa na miaka hamsini na mitatu, "nimeandika kitabu hiki miaka minne ili nifike ukurasa ule."

"Lakini Mwalimu," meneja aliingilia, "wanyama hawa wote si wanabeba watoto kwenye mfuko wa tumboni?"

"Wanabeba. Na wewe na mimi sote tumevaa viatu. Mimi ni shangazi yako?" Akaugonga mwavuli sakafuni. "Wageni walifika Australia, wakaona mnyama anayefanana na yule wa Amerika, wakampachika jina la mwenzake. Ndiyo vurugu ilipoanzia. Na huko Amerika penyewe, watu wakizungumza huimeza ile O, wakasema posamu tu. Sasa mtoto asipoiona kitabuni, ataiona wapi?"

Meneja akakaa wima. "Subiri. Wenyewe wanasema posamu?"

"Wakizungumza. Si kwenye kitabu cha—"

"Basi kosa liko wapi?" Meneja akafunga faili kwa furaha. "Tumefuata usemi wa wenyeji! Hakuna haja ya kuchapa karatasi ya masahihisho. Hongera, bwana Nukta, wewe uliona mbali."

Tangu alfajiri Nukta alikuwa anaomba apate upenyo kama huo. Sasa alikuwa ameupata, wala hakuutaka tena. Bibi alisimama mlangoni akimtazama, akingoja neno. Nukta akainama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Bibi akaondoka, na mwavuli wake ukasikika ukigonga ngazi moja baada ya nyingine.

Jioni alimweleza mkewe yote. Mkewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akaishusha kanga.

"Na ile mitambo?"

"Hakukuwa na mitambo."

"Kesho, kipindi cha tatu," mkewe alisema. "Uje na kalamu yako."

Siku ya pili Nukta alisimama mbele ya darasa la tano, kitabu mkononi, shati limemganda mgongoni. "Mstari wa kwanza," alisema. "Posamu wa pili. Mwekeeni O mbele."

Kalamu thelathini na nane zikainama.

"Nani aliitoa?" akauliza mtoto wa safu ya nyuma.

Nukta akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dirishani.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni mnyama mmoja. Sikuuliza."

Darasa likalipima jibu hilo, likaona linatosha. "Endelea," mtoto akamwambia, na Nukta akaendelea, mstari kwa mstari. Walipofika O ya kumi na nne kengele ikalia, watoto wakatoka mbio kama maji ya bomba lililopasuka. Nukta akavikusanya vile vitabu thelathini na nane, akajibana kwenye dawati lililomfika magotini, akaanza kuziandika O zilizobaki kwa mkono wake mwenyewe.