Damu Moja, Wembe Mmoja

Neno lenyewe alilipeleka Natalia, tena kwa mdomo wake. Alikuwa amesimama nyuma ya mgahawa anakopika, Mikumi, malori yanayokwenda Zambia yakinguruma barabarani, kidole kimoja kaziba sikio na simu kaibana kwenye sikio la pili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako Boni amefika salama. Huko hospitali Kilosa walikwambiaje?"

"Ni homa ya ini, baba. Inakaa kwenye damu. Boni atameza vidonge kila siku, na nyie wote wa nyumbani mkachanjwe. Upesi."

"Kuchanjwa tu?" Mzee Cornel alicheka, kwa mara ya kwanza tangu tumbo la mwanawe lianze kuvimba. "Hilo mbona tunaliweza! Kumbe hata madaktari wamerudi kwetu."

Natalia alidhani baba anatania. Mteja akaita ugali, naye akakata simu.

Kiswahili chetu kitamu, lakini kina visa vyake. Nesi akikuchoma sindano, amekuchanja. Mganga akikupiga chale kifuani kwa wembe na kukupaka dawa nyeusi, naye amekuchanja. Mzee Cornel, mtoto wa mfanyakazi wa reli, alizaliwa hapo hapo kijijini Kidete na alikuwa na chale zake za kukinga nyoka tangu utotoni, na nyoka hajamgusa mpaka leo. Kwake chanjo ilikuwa hiyo. Akatuma mtu ng'ambo ya mto Mkondoa kumwita mganga Yassin.

Na mtu asije akasema Yassin ni tapeli. Alinawa mikono kwa sabuni, na wembe aliutoa kwenye karatasi yake, mpya kabisa. Ila ulikuwa mmoja.

"Damu moja, wembe mmoja," alisema. "Ugonjwa uwaone mwili mmoja, ukose pa kuingilia."

Akaanza na mgonjwa, ndiyo ada. Baada ya Boni akaja mzee, kisha Verdiana, mke wa Boni, ambaye alikuwa mjamzito, kisha wadogo wawili wa Natalia: Agnesi, na Happiness anayesoma sekondari.

Natalia alikuja kujua wiki ya tatu, alipopata ruhusa ya kwenda kumwona kaka yake. Alimkuta Agnesi anafua, kanga imemlegea, na juu ya titi kuna vimistari viwili vyeusi.

"Hivi nini?"

"Chanjo, dada. Si ile uliyotuagiza?"

Natalia akakaa chini kwenye tope la maji ya kufulia. "Mlitumia nyembe ngapi?"

"Mmoja. Alianza kaka."

Natalia mwenyewe alishachomwa sindano Mikumi, na nesi wa kule alimweleza akaelewa. Ile sindano haina mdudu wa homa ya ini, alisema, ina koti lake tu. Mwili unaonyeshwa koti, kama sungusungu wanavyoonyeshwa koti la mwizi, ili siku mwenyewe akija wamkamate mlangoni. Lakini sungusungu wanataka muda wa kujipanga. Mwizi akishalala ndani, koti lake halisaidii kitu. Na akamwonya kuhusu nyembe: mdudu huyu husafiri kwenye damu, hata ile kidogo ambayo jicho haliioni.

Alimfuata baba yake uani.

"Baba, kesho twendeni wote Kilosa. Mkapimwe, mchanjwe."

"Tumeshachanjwa."

"Ya sindano, baba! Ule wembe umechukua damu ya Boni ukaipeleka kwa Agnesi."

"Umeileta na kwangu. Unaniona naumwa?" Mzee hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtesa Natalia. "Dawa mbili hugombana mwilini. Nyumba hii hachanjwi mtu mara mbili."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunafundishwa hivyo tangu wadogo. Basi Agnesi alikuwa msikivu wa kupitiliza: ukimwambia kaa, anauliza upande gani. Natalia alimbembeleza mtoni, akambembeleza jikoni, akamweleza habari za koti na mwizi mpaka koo likakauka. Mwisho akalia. Machozi ndiyo yaliyomshinda Agnesi, hoja hakuzijali. Asubuhi wakapanda pikipiki kwenda Kilosa.

Nesi wa Kilosa alimpima, hakuona kitu, akamchoma sindano ya kwanza. Lakini hakutabasamu. "Mngekuja siku ile ile, au angalau juma lile lile, ningesema tumewahi," alisema. "Sasa tunakimbizana na mdudu mwenyewe."

Agnesi hakujua kusema uongo, kwa hiyo baba alijua jioni ile ile. Hakumpiga wala kumfokea. Aliacha tu kula chakula alichokipika.

Sindano ya pili aliipata. Ya tatu ilikuwa bado mbali macho yake yalipogeuka rangi ya binzari. Daktari alisema watu wazima wengi miili yao humshinda mdudu huyu, wachache sana ndio huunguzwa ini kwa mkupuo. Agnesi akawa katika wachache hao. Alianza kuweweseka, akamwita Natalia kwa jina la marehemu mama yao, na baada ya siku chache akafa.

Waliobaki, daktari aliagiza wapimwe wote. Mzee na Verdiana walishawahi kuambukizwa zamani bila kujua, miili yao ikamfukuza mdudu na kubaki na ulinzi. Happiness alichomwa sindano pajani angali mchanga. Agnesi alizaliwa kabla chanjo hiyo haijaanza kutolewa kliniki za watoto. Mlango uliokuwa wazi ni wake peke yake. Natalia alilieleza hilo msibani, mara moja, mara mbili, kina mama wakimwitikia kwa adabu. "Sikio la kufa halisikii dawa," mmoja wao akanong'ona, na aliyesemwa ni Agnesi, kwa kumkaidi baba yake.

Mzee Cornel alimsikiliza mpaka mwisho. "Tuliochanjwa kwa wembe tu, wanne, tupo hapa," alisema. "Boni tumbo limeshuka. Aliyekwenda kuongezwa sindano ndiye tuliyemzika. Nionyeshe, mwanangu, nimekosea wapi?"

Vidonge ambavyo Boni alimeza kila asubuhi hakuna aliyevitaja. Natalia alimchukia baba yake pale pale, akamwona alivyokonda kwa kilio, akamhurumia, akamchukia tena.

Akaingia chumbani kwa Verdiana, aliyekuwa ananyonyesha. Mtoto alikuwa anakaribia wiki sita.

"Wifi, juma lijalo ni zamu yake kliniki. Nitakusindikiza."

Verdiana alimfunika mtoto kwa kanga. "Nisamehe, wifi. Huyu simpeleki. Baba amesema matanga yakianuliwa Yassin atakuja."

"Verdiana, sikiliza. Baba yake ana mdudu. Huyu mtoto hana kinga yake mwenyewe. Akimpata akiwa mdogo hivi, anakaa naye maisha yote." Machozi yakamtoka.

"Usinililie, wifi," Verdiana alisema, akiegemea ukutani na mwanawe. "Agnesi ulimlilia, akaenda."