Fungu la Mia na Arobaini

Sanduku la donati lilikuwa limebaki na mbili, na Colin aliyezileta ndiye pekee aliyekuwa hajala. Hiyo ndiyo desturi ya jengo lile la utafiti: ukiharibu kitu, kesho yake unaleta donati za jamu, wenzako wanakula, na aliyekwisha kula haruhusiwi kukusema tena. Colin alikuwa amepita na spana karibu na sumaku kubwa, sumaku ikaipokonya mkononi mwake, na siku nzima ikapotea kuibandua.

"Donati nane ni chache," alisema Glenys Pocock huku akijifuta sukari vidoleni. "Kwa spana ile ulistahili kuleta duka zima."

"Nyamaza wewe. Siku utakayoleta zako, nitakatisha likizo nije kutazama."

"Utazeeka unangoja, mwenzangu."

Wakacheka wote, na Glenys akacheka kuwashinda. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi pale, na hajawahi kuleta hata donati moja. Hilo alilivaa kama watu wengine wanavyovaa medali.

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha Julian Farrant, mkuu wa jaribio, alipoingia na kikombe chake cha chai. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyejua kumpa mtu habari mbaya ila kwa kuipitisha njiani kama vile si habari.

"Kipimo cha pili kitaingia kwenye sumaku mwezi ujao," alisema. "Nimeona mkono uwe wa Tamsin. Mdomo wa sumaku hii ni mwembamba kuliko ile ya kwanza, naye ana mikono midogo."

Tamsin, aliyekuwa akisuuza vikombe, aligeuka masikio yote yamekuwa mekundu. Glenys alitabasamu. Alitabasamu vizuri sana, mpaka taya likamuuma.

Lazima niseme mkono ni nini, la sivyo mtadhani mama mzima ananuna bure. Jaribio lile lilikuwa la kupoza muoni. Kupoza kwenyewe si kwa kutia barafu. Muoni ni chembe zinazozaliwa kwa kishindo, zikatapakaa kila upande kama watoto waliofunguliwa mlango wa shule, na zinakufa kabla hujapepesa jicho. Walitaka kuzipitisha kwenye haidrojeni ya kimiminika ili zitoke upande wa pili zimetulia, zinakwenda pamoja. Na ili ujue kama zimetulia, unazipima kabla na baada, kwa vipimo viwili vilivyokaa ndani ya sumaku. Siku ya kukiingiza kipimo, mtu mmoja hutia mkono mdomoni mwa sumaku mpaka begani na kukiongoza kwa kupapasa, milimita kwa milimita. Kikigusa ukuta, kazi ya miaka mitatu imekwisha. Huyo ndiye mkono. Kipimo cha kwanza mkono alikuwa Glenys. Majaribio mengine mawili kabla ya hilo, mkono alikuwa Glenys.

Sasa mkono angekuwa Tamsin, binti wa miaka ishirini na saba, aliyetoka kutengeneza meno ya bandia kule Swindon.

Glenys alimwonea wivu, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Aliona wivu kwa vidole vyake, kwa macho yake yasiyohitaji miwani, kwa namna Julian alivyokuwa akisimama nyuma ya kiti chake akisema "safi sana." Hata chai ilimkera. Tamsin alijua chai ya Glenys inavyotakiwa, maziwa kidogo na sukari nusu kijiko, na kila siku saa nne asubuhi aliileta bila kuombwa. Mtu wa namna hiyo utamchukiaje kwa raha?

Wiki moja baadaye kosa likaonekana.

Vipimo vile walivitengeneza Glenys na Tamsin, wao wawili tu, katika chumba ambacho madirisha yake yalibandikwa karatasi ya njano, kwa sababu mwanga wa mchana unaziharibu nyuzi. Kila kipimo kina mikeka kumi na mitano ya nyuzi za plastiki, nyembamba kama uzi wa kushonea, na chembe ya muoni ikipita, uzi unatoa mwanga. Mkeka mmoja una nyuzi elfu moja mia nne tisini na moja. Unazikusanya saba saba, kila saba ni fungu, kila fungu unalivika kipande kifupi cha mpira. Ukitia nane mahali pa saba, kila fungu linalofuata linachukua uzi wa jirani yake, na kipimo kinasema uongo mpaka mwisho wa mkeka.

"Mkeka wa kumi na moja," Julian alisema, karatasi mkononi. "Kuanzia fungu la mia na arobaini kila kitu kimehama. Daftari lina sahihi yako, Tamsin. Na fungu la mwisho uliandika lina nyuzi sita."

"Nilidhani uzi mmoja ulikatika pembeni," alisema Tamsin kwa sauti ya chini. "Ilitakiwa nirudi nyuma nihesabu."

"Ilitakiwa." Julian aliitazama chai yake. "Basi nadhani mkono utakuwa wa Glenys, kama zamani. Wewe Tamsin, pumzika kwanza na kazi hiyo. Glenys, utatufungulia mkeka?"

"Bila shaka."

"Kesho nitaleta donati," alisema Tamsin. Akajaribu kucheka. "Zile za duka la mjini Wantage, si za Colin."

Mchana ule Glenys aliingia peke yake chumba cha njano, moyo mwepesi kama wa msichana. Aliulaza mkeka chini ya kioo cha kukuzia, akatafuta fungu la mia na arobaini. Nyuzi nane, wazi kabisa. Halafu akaona mpira.

Mpira ulikuwa umekatwa mshazari.

Tamsin hukata mipira yake sawasawa, kama anakata mkate. Anayekata mshazari ni mmoja tu, kwa sababu ncha ya mshazari inaingia kwenye nyuzi upesi, na ni hila aliyoivumbua mwenyewe miaka kumi iliyopita. Alisogeza kioo. Kuanzia mia na thelathini na moja mpaka mia na hamsini na mbili, mipira yote ilikuwa mshazari.

Akakumbuka. Ilikuwa Februari, Tamsin alikuwa amekwenda kung'oa jino. Glenys alikaa kwenye kiti cha Tamsin amtafutie kasoro, akapitia mafungu mia na thelathini asipate hata moja. Kwa hasira akafunga ishirini na mawili haraka haraka, aone kama yeye bado ni mwepesi kuliko mtoto huyu. Na kesho yake Tamsin alirudi shavu limevimba, akayaona, akamwambia, "Asante, Glenys. Umenisaidia sana."

Maana yake Tamsin alijua. Pale mbele ya Julian, alijua nani alifunga mafungu yale. Au alisahau, ni miezi sita. Au hakusahau.

Glenys aliketi na mkasi mkononi. Julian ni bingwa wa hesabu, hajui mpira hukatwaje. Kazi aliyopewa ni kufungua mafungu yote, na mipira iliyofunguliwa inakwenda pipani. Angeikata kwanza ile ishirini na miwili tu, na hakuna ambaye angejua. Alikata mmoja. Ulidondoka mezani, mdogo kuliko punje ya mchele. Akaufunika kwa kidole.

Kilichomuuma si haki wala dhambi. Kilimuuma kwamba kama Tamsin alijua na akanyamaza, basi amemshinda hata hapa, bila kutumia mkono wala jicho. Mikono midogo angeweza kuivumilia. Hili hapana.

Asubuhi, alipoingia chumba cha chai, sanduku la Wantage lilikuwa tayari mezani na Julian amenyoosha mkono.

"Usile hizo," alisema Glenys.

Akaweka sanduku lake juu ya lile la Tamsin, kubwa, la donati ishirini na mbili. Juu ya kifuniko akaweka kipande cha mpira.

"Fungu la mia na arobaini ni langu. Tamsin alikuwa kwa daktari wa meno. Huo ni mpira wangu, anayekata mshazari humu ni mimi peke yangu."

Colin alifungua mdomo, akamtazama usoni, akaufunga. Halafu akachukua donati moja, akaiuma, na kwa desturi ya jengo lile hapo mambo yakaisha.

"Ulijua?" Glenys alimuuliza Tamsin walipobaki peke yao.

Tamsin alikuwa akimtilia sukari kwenye chai. "Nusu kijiko, si ndiyo?" alisema.

Mkeka waliufunga upya pamoja, siku nne, bega kwa bega, wakihesabu kwa sauti. Mkono Julian aliurudisha kwa Tamsin, na mwezi uliofuata kipimo kikaingia. Tamsin alitia mkono mdomoni mwa sumaku mpaka begani, shavu limebanwa na chuma, na Glenys akalala kifudifudi upande wa pili na tochi, kwa sababu lazima mtu aone kile ambacho mkono hauoni.

Katika mwanga ule mwembamba viliingia vidole, vimevikwa glavu, vinapapasa. Vilikuwa vidogo kweli. Wivu ukampanda palepale, mzima mzima, kama haujaguswa.

"Glenys? Nimebakiza kiasi gani?"

Kipimo kilikuwa kimeegemea kushoto, kimekaribia ukuta unene wa ukucha.

"Glenys?"

"Kulia," alisema. "Kidogo tena. Taratibu, mpenzi. Nakuona."