Sauti ya Kukodi

Nassibu wa Tabora alikuwa akitafsiri filamu za kigeni kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwaka jana wakubwa wa dunia wakamgundua. Walianza watu wa dola kubwa la Magharibi, na filamu yao ya uhuru. Mwezi haujaisha wakaja wa Mashariki na filamu ya undugu. Zote mbili alizitia sauti.

"Mimi spika tu," alimwambia mkewe, Najiat. "Spika haina dini."

"Wala haya haina."

Filamu ya undugu ikapelekwa Puge, ikaonyeshwa mchana ndani ya ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia. Nassibu, kipaza sauti mkononi, alikuwa akieleza uongo wa Magharibi pale mama mmoja, Benedikta, aliposimama.

"Mwanangu, si wewe uliyetuambia humuhumu kwamba waongo ni hawa?"

Ghala zima likaangua kicheko. Afisa mgeni wa Mashariki, aliyeileta filamu, akauliza mama anasema nini.

"Anasifu filamu," Nassibu akamjibu kwa Kiingereza.

Afisa akatabasamu, akampungia mama mkono.

"Umemwambia nini mbona anafurahi?" Benedikta akauliza.

Nassibu akahisi uso unamchoma. Akamgeukia afisa, akamtafsiria yote, neno kwa neno. Tabasamu likakauka. Afisa akafikiri kidogo, kisha akauliza swali moja tu: siku ya wale wengine walijaa watu wangapi? Hilo nalo Nassibu akalitangaza kwa kipaza sauti.

"Mwambie tulijaa hivihivi," alisema Benedikta. "Tulifuata soda za bure."

Siku hiyohiyo Nassibu akafukuzwa. Wiki iliyofuata wale wa Magharibi wakampigia simu kumpongeza. Video ya mkasa ule wa ghalani, iliyopigwa kwa simu, ilikuwa imewafikia, na walitaka awatilie sauti filamu mpya ya mama jasiri aliyeikataa Mashariki. Akaisoma hati yao. Soda haimo. Akawapigia.

"Na pale alipokumbusha kwamba na nyinyi mlikuja?"

"Tumepunguza, muda hautoshi."

"Basi na mimi nipunguzeni," alisema, akakata simu, akarudi kwenye vibanda vyake.

Filamu ikatoka, mama akisemewa na sauti laini ya dada wa Dar es Salaam. Benedikta aliiona kwenye simu ya mtu mnadani Nzega. Picha ilikuwa ndogo, na jua lilipiga kwenye kioo.

"Huyu mama anaongea vizuri," alisema. "Wa wapi?"