Mifugo Isiyo na Kwato

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi, Selina Tluway wa kidato cha tatu, sikukusudia kumuua samaki yeyote. Nilikusudia tu kuwafanya kidato cha kwanza watoe mablanketi yao.

Shule yetu ya bweni ya wasichana iko juu kidogo ya mji wa Karatu. Hata Oktoba, mwezi ambao jua la mchana hufanya mabati yalie, asubuhi tunaamkia ukungu na kupanga mstari tukiwa na masweta mawili mawili. Nyuma ya maabara kuna bwawa dogo la saruji, kina chake kiunoni, na ndani yake walikuwamo perege arobaini na wawili. Mwalimu Adrian wa biolojia ndiye aliyewaleta. Msimamizi wao ni rafiki yangu Nasieku, binti wa wafugaji wa Kakesio, huko Ngorongoro. Kwao samaki haliwi, wala hakuna anayemwazia.

Baba yake Nasieku, Mzee Lekoko, alikuwa amepanga kumhamishia shule ya karibu na nyumbani ifikapo Januari, ili jioni asaidie kuangalia ndama. Nasieku hakutaka. Huko hakuna maabara, na yeye akikaa siku mbili bila maabara hupata homa. Basi Jumapili, tulipopewa zamu ya kupiga simu ofisini kwa Matroni Hyasinta, alimwomba baba yake ambakize. Kwa sheria ya Matroni simu zote zinapigwa kwa sauti ya kusikika, kwa hiyo niliyasikia yote nikiwa kwenye foleni.

"Papa, usinihamishe. Hata huku nina mifugo."

"Mifugo! Vichwa vingapi?"

"Arobaini na viwili."

Sauti ya mzee ikalainika kama siagi. "Arobaini na viwili. Rangi gani?"

"Kijivu, wana mistari ubavuni."

"Maji wanapata?"

"Papa, maji wanashinda nayo kutwa."

"Karatu mmebarikiwa. Wanazaa?"

"Sana. Mama anawabeba watoto wake mdomoni."

"Mtandao wa huku si mzuri," alisema mzee. "Jumamosi nakuja niwaone. Wakiwepo, utabaki. Kama ni maneno ya kitoto, tunarudi wote Kakesio."

Tulipotoka nje nilimwambia, "Nasieku, umemdanganya mzee wako."

"Neno lipi la uongo? Kitabu chenyewe kimeandika ufugaji wa samaki. Mimi nafuga. Anayefugwa ni mfugo."

"Sasa si ungemtajia samaki!"

"Nitamtajia Jumamosi, akiwa amesimama mbele yao. Baba yangu humwambii kitu mpaka amwone mnyama mwenyewe. Akiwaona wazima, wanene, wanang'aa, atanisikiliza. Akikuta bwawa tupu, nimekwisha."

Hayo niliyajua vizuri. Hata hivyo, Jumatano asubuhi nilichukua kalamu ya rangi nikabandika karatasi kwenye mlango wa bwalo:

*TANGAZO. Kutokana na baridi inayoendelea, samaki wa shule wameanza kukohoa. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza afikishe blanketi moja bwawani kabla ya kengele ya chai. Limetolewa na Kamati ya Afya ya Viumbe wa Majini.*

Walikuja tisa na mablanketi. Wa kumi alileta soksi, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba blanketi lake amelifua. Nilicheka nyuma ya tanki la maji hadi mbavu zikauma.

Tatizo ni kwamba na Matroni Hyasinta alilisoma. Huyu ni mama aliyelea wasichana wa bweni kwa miaka ishirini, na hawezi kusikia kwamba kitu kinaona baridi bila kukifunika. Aliwarudishia watoto mablanketi yao, akaingia stoo, akaburuta nailoni iliyobaki kwenye kitalu cha nyanya, akalifunika bwawa lote na kugandamiza kingo kwa mawe. Ningeweza kumzuia. Lakini kumzuia kulihitaji kueleza tangazo liliandikwa na nani, nikaona busara ni kuwahi chai.

Nasieku mwenyewe alifurahi. "Hata nyumbani ndama wachanga wanalala ndani," alisema.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima joto la maji na kuhesabu mapigo ya moyo wa kifaranga mmoja wa perege. Vifaranga hao ni wadogo kuliko njiti ya kiberiti, na miili yao inapitisha mwanga. Ukimweka mmoja kwenye kisahani cha kioo na kumwangalia kwa lenzi, unauona moyo wake nyuma ya shavu, nukta nyekundu inayorukaruka. Alhamisi mchana kipimajoto kilikuwa kimetoka nyuzi ishirini na moja hadi ishirini na tisa, na ile nukta ilikuwa ikienda mbio hadi Nasieku akapoteza hesabu mara mbili.

"Wana furaha," nilimwambia kitaalamu.

Ijumaa Matroni alichungulia chini ya nailoni, akawaona perege wamepanda juu, midomo wazi, wanafungua na kufumba. "Maskini, njaa hiyo!" alisema, akawamiminia beseni zima la ugali uliobaki.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Nasieku alinivuta mguu kitandani. Nilimfuata hadi bwawani na sweta langu nimelivaa nyuma mbele. Alikuwa amefunua kona moja ya nailoni. Maji yalinuka ugali uliochacha. Samaki walikuwa wamejipanga juu kwa juu, wanagugumia hewa, na wawili walikuwa wameelea tumbo juu.

"Angalia kifaranga," alisema, akanipa lenzi.

Niliangalia. Ile nukta ilikuwa inapiga taratibu: pigo, kimya, pigo, kimya.

"Si umetulia sasa?" nilisema. "Wamezoea."

"Selina, ng'ombe aliyetulia hakai amepanua mdomo. Nenda kamwite Mwalimu."

Mwalimu Adrian alikuja na taulo begani na povu la dawa ya meno kidevuni. Alitazama bwawa, akatazama nailoni, akatutazama sisi.

"Maji yakipata joto hayawezi kushika oksijeni nyingi," alisema huku tayari akiondoa mawe. "Na samaki mwenye joto anahitaji oksijeni zaidi. Ndiyo maana juzi moyo ulikimbia, ulikuwa unajaribu kutosheleza mwili. Sasa usiku mmea wa majini nao unavuta oksijeni, ugali unaoza unavuta, na juu mmefunika. Ikipungua kiasi hiki, moyo unaacha kukimbia. Unapiga polepole, pigo moja la nguvu kwa wakati, ili usizimike."

"Kwani moyo nao unakosa hewa?" nikauliza. "Si ndio unaopeleka?"

"Ndio unaopeleka, na ndio wa mwisho kupata. Kwa perege damu ikitoka kwenye matamvua, yale ya kuvutia hewa chini ya shavu, inapita mwili mzima kwanza, inagawa, halafu inayorudi, imebaki na kidogo, ndiyo inayolisha moyo."

"Kama mpishi," alisema Nasieku. "Anapakulia shule nzima, halafu anakula ukoko."

"Hasa. Na leo hata ukoko hakuna. Mpishi akianguka, wote wamelala njaa. Haya, nailoni nje, ugali nje, tufungulie maji ya bomba, na tuyapige maji yachanganyike na hewa. Pampu hatuna. Tuna ndoo. Tunachota, tunainua juu, tunamwaga kwa kishindo. Nataka mikono, mingi, sasa hivi."

Nilikimbilia bweni la kidato cha kwanza, nikasimama juu ya sanduku. "Amkeni! Samaki wanakosa hewa! Leteni ndoo!"

Hakuna aliyetikisika.

"Tulete na mablanketi, dada?" aliuliza mmoja kutoka chini ya shuka, na bweni zima likacheka. Yule wa soksi alijigeuza ukutani.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimefika mwisho wa barabara. Nilikwenda chumbani kwa Matroni Hyasinta, nikasimama wima na mikono nyuma, nikasema yote: tangazo, kamati, kikohozi. Alinisikiliza akifunga kilemba chake. Aliposikia kwamba nailoni yake ndiyo inayowaua, uso ulimwanguka, nami nikatamani anichape amalize.

"Mimi nimewafunika kwa mapenzi," alisema.

"Najua, Matroni. Kosa ni langu."

"Lako tutalirudia." Akatwaa sufuria na mwiko, akaupiga mlango wa bweni kwa namna ambayo nadhani hata twiga wa bondeni walisimama. Dakika tano baadaye walikuwapo wasichana sitini na ndoo zao, wengine bado na kanga za kulalia, wanachota na kumwaga, wanachota na kumwaga. Yule wa soksi alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alinimwagia ndoo moja kichwani kwa bahati mbaya, halafu ya pili.

Tulikuwa hatujapumzika Mzee Lekoko alipofika mapema, saa tatu asubuhi, kwa kuwa usiku alilala kwa ndugu yake mjini. Alisimama na fimbo yake na shuka jekundu, akatazama wasichana sitini wakichota maji na kuyarudisha palepale yalipotoka.

"Hawa watoto wamefanya kosa gani?" alimuuliza Matroni.

"Hawaadhibiwi, mzee. Wanaokoa mifugo."

"Iko wapi?"

Nasieku aliweka ndoo chini, akaja na mikono inayochuruzika, akainamisha kichwa. Baba yake akamgusa utosini. Kisha Nasieku akanyoosha kidole kwenye maji.

Mzee aliegemea fimbo yake, akachungulia.

"Hawa ni samaki."

"Ndiyo, Papa."

"Ulisema mifugo."

"Nawalisha. Nawaangalia asubuhi na jioni. Wakiumwa naamka kabla ya kengele. Leo wamekufa wawili, na nawajua: dume aliyepasuka pezi, na jike mwenye doa jeupe mkiani. Kama si mifugo, niwaite nani?"

Mzee akauliza, "Wamekufa na nini?"

Nasieku alimweleza habari ya joto, ya hewa, ya moyo unaogawa na kubaki mwishoni. Hakunitaja. Hilo liliniuma kuliko ndoo mbili za maji baridi, basi nikasogea mbele.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyesababisha wafunikwe. Nilikuwa nafanya mzaha."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Mbulumbulu."

"Wakulima," alisema, kama hakimu aliyepata ushahidi wote aliouhitaji, na akaniacha.

Nasieku alimletea kisahani na lenzi. Mzee alipiga goti, akafumba jicho moja. Wasichana wote walishusha ndoo. Najua alichokiona, maana nilikuwa nimechungulia muda mfupi kabla: ile nukta nyekundu ilikuwa imeanza kuharakisha tena, pigo juu ya pigo.

"Unafanya kazi," alisema kwa sauti ya chini. "Mdogo hivi, na unafanya kazi."

Alisimama, akasogea ukingoni mwa bwawa, akavuta pumzi, na akatema mate majini. Akatema tena, mara ya pili, kwa utaratibu.

"Mzee!" Matroni alipiga kelele. "Tumetoka kuyasafisha sasa hivi!"

Nilimgeukia Nasieku nikitarajia kumwona amevunjika. Alikuwa amefunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na alipoviondoa nikaona analia na kucheka kwa pamoja.

"Matroni, mwache," alisema. "Amewabariki. Mzee wa kwetu akitemea mifugo mate ni baraka. Hatemei kitu asichokitambua."

Mzee Lekoko alifuta mdomo kwa ncha ya shuka. "Wamebaki arobaini," alimwambia binti yake, "na ndama wa nyumbani nitawatafutia mtu mwingine wa kuwaangalia. Lakini samaki kuwala, mimi hapana."

Matroni alitazama maji, akamtazama mzee, akashika ndoo iliyokuwa karibu na kunikabidhi. "Wewe endelea," alisema. "Mgeni anakwenda kunywa chai."