Mwanga Uliokata Kona Mkonze

Mpimaji wa ardhi alifika Mkonze Jumamosi saa nne asubuhi, na kipima umbali chake cha leza mfukoni, kidogo kama rimoti ya televisheni. Rukaya alimkaribisha chai kwanza. Kiwanja kilikuwa chake, pamoja na mizabibu sita na choo kipya cha matofali, na shida ilikuwa ni mpaka wa upande wa choo.

Kaka yake, Mwalimu Bashiri, alikuja kuwa shahidi. Bashiri hufundisha fizikia, na filamu za anga anazoonyesha dada yake kwenye banda la video Majengo humkera kupita kiasi. Mwanga wa leza, huwaambia watazamaji hata wasiouliza, hauonekani ukikupita ubavuni, haulii, wala haumsubiri mtu ainame.

Mpimaji alibonyeza. Mwanga ukatoka mwekundu, mrefu kama mpini wa jembe, ukienda polepole na kulia piuu. Kuku walipisha. Rukaya aliinama, ukapita juu ya ushungi wake.

"Ni ule wa kwenye filamu," alisema.

Bashiri alijifanya anafunga kamba za viatu.

Mwanga ulielekea kwenye jiwe la mpaka, nyuma ya choo. Hapo alisimama jirani, mkubwa mmoja mstaafu, mikono nyuma. Ulipomwona ulisita, ukakata kona kwa adabu, ukaishia mbele ya choo. Kipima kilisoma mita kumi na nane. Hati ya Rukaya ilisema ishirini na mbili.

"Afisa, si umeuona umekata kona?"

"Nimeuona, mama. Ila fomu haina nafasi ya kona." Akamgeukia Bashiri. "Mwalimu, mwanga husafiri vipi?"

Bashiri alijua jibu litamponza dada yake. Lakini alikuwa amelifundisha miaka kumi na tisa, likamtoka lenyewe.

"Kwa mstari ulionyooka."

"Basi weka saini hapa."

Akaweka. Aliona aibu hadi masikioni.

Siku hizi Rukaya akitaka kwenda chooni hupiga hodi kwa jirani, naye humfungulia akiwa na nafasi.

Jumapili alasiri Bashiri alikwenda bandani, akaketi benchi la nyuma. Mianga ilitoka kwenye skrini ikilia, watazamaji wakainama.

"Leo hufundishi, kaka?" Rukaya aliuliza kutoka mlangoni.

Bashiri aliinama pamoja na wenzake.