Mzazi Haachwi Gizani

Fundi cherehani alilichoka lile ua kabla halijafunguka. Chungu chake kilikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, mahali ambapo kwa haki pangekuwa na gauni linalotakiwa kesho. Taa ya sola, taa pekee nyumbani tangu umeme ulipokatika, ilikuwa imeelekezwa kwenye tumba moja jeupe lililopinda kutoka ukingoni mwa jani kama shingo ya bata. Mbele yake aliketi mama mkwe, mikono magotini, hapepesi macho.

"Mama, hata jana ulilimulika hivihivi, likagoma."

"Hajagoma. Uchungu wa kwanza huwa mrefu."

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Alizalisha akina mama wa mtaa, kisha akawazalisha na binti zao, na sasa alikuwa analizalisha ua. Alilikanda shina kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Alifunga madirisha lisipigwe na upepo. Na taa haikuzimwa, maana, alisema, mzazi haachwi gizani.

Fundi angecheka, lakini alijua habari ya mti ule. Uliachwa na marehemu baba mkwe. Huchanua usiku mmoja tu, na asubuhi ua limenyong'onyea kama tambara. Kila ulipochanua, mkewe alikuwa ameitwa kuzalisha. Akirudi alfajiri alimkuta mzee ameketi kando ya ua lililokwisha kulala. "Umelikosa tena, bibie," alimwambia, wala hakuwahi kununa. Alikufa hawajaliona pamoja. Asubuhi shemeji mkubwa angekuja kumchukua mama akaishi naye mbali, na tumba lile halikuwa la kustahimili safari. Ni leo, au basi.

Kwa hiyo fundi alivumilia. Alimvumilia mumewe, aliyesema "niamsheni likianza" kisha akakoroma. Aliwavumilia majirani walioalikwa kushuhudia, wakamaliza chai, wakaaga mmoja mmoja. Alivumilia kushonea shanga sakafuni, kwa makombo ya mwanga wa taa ile, mpaka sindano ikamdunga kidole.

"Mama, naomba taa kidogo tu. Nimalize mkono mmoja."

"Ukimwondolea taa sasa, atarudi ndani."

"Ni ua, mama! Halina pa kurudi!"

"Sauti, mwanangu. Unamtisha."

Maneno yalishamjaa fundi kifuani kama vipande vya nguo kwenye gunia. Kingeongezwa kimoja, lingepasuka.

Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa kinyozi wa nyumba ya pili, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Bibi, mke wangu! Gari tumeita, lakini mtoto haelekei kulingoja."

Mama mkwe akalitazama ua. Akamtazama kinyozi. Akakitua kitambaa cha maji, akainuka.

"Nipe hiyo taa," akamwambia mkwewe.

Fundi akabaki gizani, gauni mapajani, sindano haijulikani iliko. "Haya," akasema peke yake. "Sasa hata kushona hakuna." Akamnunia mama mkwe, akamnunia kinyozi na mtoto wake asiye na subira, na hata marehemu, aliyeshindwa kupanda vitunguu kama watu wengine.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza, tamu na nzito, kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kwa mwanga hafifu wa dirishani akaona tumba limelegea, petali za nje zikijitenga, kila moja ikishtuka kidogo. Kumbe siku zote lilitaka giza tu.

"Wewe nawe!" akalifokea. "Umekaliwa kitako usiku mzima, unangoja atoke!"

Akafikiria kumwamsha mume, akaamua kumwachia mkoromo wake. Akakikumbatia chungu, kizito kama mtoto mkaidi, akatoka pekupeku, udongo ukimwingia kifuani, majani yakimchapa mashavu. Akakitua ukumbini kwa kinyozi, nje ya mlango wa chumba, naye akaketi sakafuni akihema.

"Hivyohivyo, mwanangu, usiharakishe," mama mkwe alikuwa akisema ndani. Kisha mtoto akalia.

Mama mkwe akatoka na taa yake, amewaachia wenyewe mwanga wa simu. Alinusa kabla ya kuona. Akasimama.

"Wa kike," akasema polepole. "Na mama yake mzima. Na huku?"

"Huku nako salama. Lakini mama, kwa heshima zote, zima hiyo taa."

Mkunga akaizima. Akaketi kando ya mkwewe, magoti yakimlia. Macho yalipozoea giza, ua lilikuwa limefunguka lote, pana kama sahani.

"Nimeliwahi, bwana," akanong'ona, wala hakuwa akimwambia fundi. Halafu akageuka. "Kumbe taa ndiyo iliyokuwa inamzuia."

"Mama! Si tangu jioni nakwambia uniachie taa?"

"Ulisema unataka kushona."

Fundi aliichomoa sindano, iliyokuwa imejichomeka kwenye mkono wa nguo yake muda wote huo, akakaa kumsubiri mama mkwe ashibe kutazama.